Sufuria la harusi na kile kitunguu

Jamani, hii ya leo wote mnaisimulia vibaya. Eti mzee katapeliwa sufuria Mkuyuni. Nani? Mimi?

Mwezi ujao tunamuoza binti yetu, na sufuria kubwa la pilau hatuna. Basi mimi na mke wangu tukaenda Mkuyuni kwa Salma, yule anayetuagizia vitu China mtandaoni. Akatuonyesha picha kwenye simu. Sufuria linang'aa, wali umejaa, bei ya kutupa.

"Babu, lipia chap kabla hayajaisha."

Nikamwambia tulia kwanza. Nikaikodolea macho ile picha.

Pembeni kuna kitunguu. Kimefika nusu ya sufuria!

"Mjukuu wangu, vitunguu vya China ni kama maboga?"

"Babu bwana! Hicho pambo tu."

"Muulize muuzaji kipimo."

Jibu likaja, Salma akapima kwa rula mezani. Sufuria zima upana wa kiganja changu! Wageni wote wa harusi huku kwetu Buswelu wangelamba vidole tu.

Hatukulipa.

Sasa nani mshamba wa mtandao?

Haya, kuna mahali nimetia chumvi. Kitunguu alikiona mke wangu. Mimi nilishaanza kubonyeza namba ya siri.

Chekeni, ila pilau mtakula.