Watu Arobaini na Watatu, Kurasa Mbili

Jambo lenyewe, ukilijumlisha, liligharimu chumba kimoja cha mabati mtaani Tuwan, cherehani moja iliyouzwa kwa haraka, muhula mmoja wa shule na maneno ishirini na mawili ya masahihisho. Nimehesabu mara mbili. Kwangu halikuchukua chochote ila usingizi, na kwa kuwa usingizi hauuzwi sokoni, bei yake siijui.

Acha nianze mwanzo, maana nyinyi mlio kwenye kazi hii sasa mnatuma habari kwa simu mkiwa kwenye foleni ya chapati, na hamjui sisi tulilipwaje.

Siku ya kwanza niliingia ofisi ya Kitale na shati la kuazima na kalamu mbili. Mkuu wa Ofisi hakuniuliza nilisomea wapi. Alifungua droo, akatoa rula, akanipa.

"Hapa hulipwi kwa kuandika," akasema. "Unalipwa kwa kuchapishwa. Gazeti likitoka, pima."

Sisi waandishi wa mashinani hatukuwa na mshahara. Habari yako ikitoka, unaweka rula juu ya safu, unapima kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, unajaza sentimita zako kwenye fomu, na mwisho wa mwezi unalipwa kwa urefu huo. Baada ya miaka miwili nilikuwa naona watu wote kwa sentimita. Waziri akizindua daraja, nane. Waziri akiteleza kwenye hilo daraja, ishirini na picha. Wakulima wa Moi's Bridge wakilia kwamba mahindi hayana bei, kumi na mbili, kila msimu, bila kukosa. Nilikuwa nawategemea kama vile wengine wanavyotegemea ng'ombe wa maziwa.

Kutoka hapo nilipelekwa Bungoma, chini ya Msimamizi wa Kanda, mama mkali aliyesoma kila habari na kalamu nyekundu mkononi. Ndiye aliyenifundisha kuhesabu. "Ukiona watu, hesabu," alisema. "Ukimaliza, hesabu tena. Huko Nairobi wanapenda nambari kuliko mama zao." Nikahesabu waombolezaji, nikahesabu viti vitupu kwenye mikutano, nikahesabu madebe ya sukari ya magendo. Sikuwahi kukosolewa nambari hata moja.

Kisha kampuni ikafunga ofisi ya Bungoma, ikaniachia meza moja Kitale na kaunti mbili. Trans-Nzoia ilikuwa na ukurasa wake na Bungoma ilikuwa na wake, na kila ukurasa ulikuwa na fungu lake la malipo. Hapo ndipo tulipojifunza kuuza ng'ombe mmoja mara mbili. Jambo likigusa kaunti zote mbili, unaliandika asubuhi likianzia Kitale, unaliandika jioni likianzia Bungoma, unabadilisha aya ya kwanza na jina la msemaji. Rula inapita mara mbili. Sote tulifanya hivyo, na aliyekataa hakudumu, maana nauli ya kwenda Bungoma na kurudi hakuna aliyeturudishia.

Sasa kuhusu wageni. Barabara ya Kitale inaelekea kaskazini hadi Sudan Kusini, na watu wa huko wamekuwa wakiishi nasi muda mrefu. Wanapanga vyumba, wanasomesha watoto, wanalipa kodi kabla ya tarehe. Hiyo haikuwa habari. Mwaka mzima hawakunipa sentimita moja. Habari ilikuwa lori. Na lori likija, lilikuwa na lugha yake, ambayo Mhariri wa Kaunti, kule Nairobi, alinifundisha kwa simu nilipoandika kwamba wakimbizi wamefika.

"Mzee, wakimbizi hawafiki," alisema. "Mjomba wako ndiye anafika. Wakimbizi wanafurika. Wanamiminika."

Nikajua basi kwamba kwetu gazetini mkimbizi ni maji. Baba yangu alikuja Trans-Nzoia kutoka Nyeri kwa lori, na mke, watoto wanne, kitanda na tundu la kuku. Hakuna aliyeandika kwamba amefurika. Walisema amenunua shamba. Nililiwaza hilo, nikalicheka, kisha nikaandika "wamefurika" kama nilivyoambiwa, kwa sababu "wamefurika" lilikuwa likifika ukurasa wa mbele.

Asubuhi moja, kulipokuwa na vita kule kwao, lori lilisimama Kitale likiwa na watu. Nilihesabu wakiwa juu, nikahesabu wakishuka. Arobaini na watatu. Jamaa zao wa Tuwan walikuja kuwapokea, na kati yao alikuwa Achol, fundi wa nguo aliyekuwa amepanga Tuwan miaka miwili, na bintiye Nyibol wa miaka kumi na mitatu. Achol alikuwa amempata dada yake kwenye lori hilo. Nyibol akajitwika godoro la mama yake mdogo, na mimi nikampiga picha. Nikamuuliza jina, akaniandikia mwenyewe kwenye daftari langu ili nisikosee herufi. Mama yake akachukua nambari yangu ya simu, ati anitafute picha ikitoka.

Nikatuma habari ya Kitale: watu arobaini na watatu.

Saa nane mchana lori la kanisa likawachukua wote, dada ya Achol akiwemo, likawapeleka Kanduyi, kaunti ya Bungoma, ambako kanisa hilo lilikuwa limewafungulia ukumbi. Nami nilipanda lori hilohilo, nimekaa karibu na dereva, nikila mahindi yake ya kuchoma. Kanduyi nikawahesabu wakishuka. Arobaini na watatu. Nikatuma habari ya Bungoma.

Siku hiyo Nairobi hawakuwa na kichwa cha ukurasa wa mbele. Mhariri wa Kaunti akaona habari mbili, za kaunti mbili, jina la mwandishi mmoja anayeaminika kwa nambari. Akajumlisha. Arobaini na tatu mara mbili ni themanini na sita. Meza iliyofuata ikaandika "karibu mia". Aliyetunga kichwa akaona "karibu mia" ni neno la mtu mwoga. Asubuhi nilikuta: MAMIA YA WAKIMBIZI WAFURIKA KITALE, BUNGOMA. Chini yake Nyibol na godoro, na maelezo ya picha: jina lake kamili, lililoandikwa sawasawa, kisha "mmoja wa mamia walioivamia Kitale". Nilipima. Sentimita thelathini na nne. Ilikuwa habari yangu ndefu kuliko zote.

Achol alinipigia kabla sijamaliza chai. Nilikwenda Tuwan nikamkuta langoni na mwenye nyumba, Mama Wambui, mfanyabiashara wa viatu vya mitumba, na gazeti limekunjwa kwapani.

"Mimi sina ubaya na huyu," Mama Wambui aliniambia. "Kodi analipa. Lakini gazeti imesema mamia. Hao mamia watalala wapi kama si kwa ndugu zao? Na hapa choo ni moja, bana. Moja."

"Hawako," Achol akasema. "Wote walienda Bungoma jana. Angalia nyumba. Ni mimi na mtoto."

"Leo ni wewe na mtoto. Si hata huyu mtoto ndiye huyu kwa gazeti, na godoro? Ameleta godoro ya nani?"

Achol akanigeukia. "Mwandishi, wewe uliwahesabu. Mwambie ulipata ngapi."

Nataka msome hapa polepole. Ningesema: ni arobaini na watatu, wamekwenda, na wa Bungoma ni walewale, mimi mwenyewe nilisafiri nao. Maneno hayo hayajazi sentimita mbili. Lakini Mama Wambui alikuwa na mdomo, na mpwa wake alifanya kazi kwenye gazeti shindani. Habari ingefika Nairobi kwamba nauza ng'ombe mara mbili, na ukurasa mmoja ungeondoka.

Nikasema, "Magazeti huzidisha kidogo."

"Kidogo ni ngapi?" Mama Wambui akauliza. Ni swali ambalo ningeuliza mimi.

Nikafunga daftari langu. Mama Wambui akawapa Achol na bintiye hadi mwisho wa mwezi wawe wamehama.

Nilizunguka Kitale siku tatu bila kuweza kukaa. Nilirudi kwenye lile lango mara mbili nikapita tu kama mtu anayetafuta mbuzi. Siku ya nne nikampigia Mhariri wa Kaunti.

"Wale watu walikuwa arobaini na watatu," nikasema.

"Wa Kitale. Na wa Bungoma?"

"Ni haohao."

"Mzee, uliniuzia watu walewale?"

"Mlinunua kwa kurasa mbili."

Alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichoniuma kuliko matusi. Masahihisho yakatoka wiki iliyofuata, maneno ishirini na mawili, chini ya matangazo ya vifo. Hayakumtaja Nyibol. Nilimpelekea Mama Wambui nakala, lakini chumba kilikuwa na mpangaji mwingine. Achol alikuwa ameuza cherehani kulipa amana ya chumba kingine upande wa pili wa mji, na Nyibol akakaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Ukurasa wangu wa pili nilibaki nao.

Nilistaafu nikiwa na kurasa zote mbili, cheti kwenye fremu na ile rula.

Mwezi uliopita Nyibol alikuja kwangu. Amekuwa mtu mzima, amemaliza chuo cha uuguzi. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyekusudia kukaa sana, akanionyesha simu.

"Babu, kila nikiomba kazi wanatafuta jina langu kwa mtandao. Kitu cha kwanza kutoka ni hii." Ilikuwa godoro. "Wananiuliza, ati wewe ulivamia Kitale lini? Mmoja alicheka. Wengine hawanipigii tena."

Nilikwenda ofisini. Mhariri wa sasa ni kijana mwenye adabu, alinipa maji. Akasema kumbukumbu za gazeti haziguswi, ila wanaweza kuweka mstari mmoja chini ya habari ile, kama nitaandika na kutia sahihi kilichotokea. Nikaandika palepale. Nikampelekea Nyibol habari hiyo kama mtu aliyeleta nyama.

"Mstari mmoja," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ile ya kwanza ilikuwa ndefu aje?"

Yeye hakujua kwamba ninalo jibu. "Sentimita thelathini na nne."

"Basi mimi nataka hizo. Thelathini na nne, na picha yangu, na useme nilikuwa nabebea mama mdogo godoro. Mtu akitafuta jina langu apate zote mbili, achague mwenyewe." Akasimama. "Mstari mmoja unaweza kuweka kwako."

Haya niliyoandika hapa ameyasoma na ameruhusu jina lake. Nimeyapima, na yanafika thelathini na nne na kuzidi, kwa hiyo yakipunguzwa sitalalamika. Nimemwomba kijana yule, amesema habari ya zamani haina ukurasa. Nimeomba ukurasa wa Trans-Nzoia, wakanielekeza Bungoma. Bungoma wakanielekeza Trans-Nzoia. Mimi, niliyekuwa na kurasa mbili, sasa sina hata mmoja, na Ijumaa Nyibol ana mahojiano hospitalini. Wewe unayesoma hapa na unajua mlango ambao sijabisha, nishauri: hizi sentimita za binti wa watu nikazilipie wapi?