Nusu Chupa ya Chujio

Kilichoninyima usingizi hakikuwa nyoka wala fisi, ingawa mama yangu alikuwa ameomba dhidi ya vyote viwili. Kilikuwa kitundu. Pakiti ilisema vitundu vya chujio langu la maji ni vidogo kuliko mdudu wa taifodi, nami nikalala chali nikijiuliza: na kama kimoja kimepanuka? Maji yangetoka yakiwa maangavu vilevile. Nani angejua, kabla ya homa?

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Nikiwa chuoni taifodi ilinilaza hadi nikakosa mtihani wa mwisho, nikahitimu nyuma ya wenzangu, na tangu hapo nilizunguka ofisi za Meru mjini na bahasha ya vyeti mpaka pembe zake zikawa laini kama kitambaa. Kisha nafasi ikaja. Mtu mmoja wa Embu anayetembeza wageni alituambia, mimi na binamu yangu, kwamba anataka njia mpya ya miguu kutoka Siakago kushuka nyanda kavu za Mbeere. Tuitembee sisi kwanza, tubebe kila kitu mgongoni, tuone maji yako wapi. Tukirudi salama, wageni wa kwanza tutawaongoza sisi. Hakusema itakuwaje tukirudi wagonjwa. Hilo nililifikiria kwa niaba yake.

Nilichagua chujio kama watu wengine wanavyochagua mke. Vidonge vya kusafisha maji nilivikataa kwa sababu nilisoma kwamba havifanyi kazi vizuri penye tope. Mrija wa kunyonyea, ule ambao mtu hupiga magoti na kunywa nao moja kwa moja kutoka mtoni, niliukataa kwa sababu humnywesha mtu mmoja na hauweki akiba. Nilitaka lile la mfuko: unachota maji machafu kwenye mfuko laini, unafunga chujio kwenye mdomo wa mfuko, unakamua, na maji safi yanaingia kwenye chupa. Nililipata karibu na soko la Gakoromone, katikati ya mikoba ya mitumba, likiwa bado kwenye pakiti yake.

"Profesa," binamu yangu akasema, maana hivyo ndivyo alivyoniita tangu nihitimu, "umeshika hiyo kitu tangu tufike. Unanunua ama unachumbia?"

"Mwambie!" muuzaji akacheka. "Kijana, hiyo tia hata maji ya mtaro, inatoka kama ya mvua."

"Na ikiziba?"

"Iko na bomba yake hapa, kama ya sindano. Unaisukuma na maji safi kutoka nyuma, inafunguka."

Nilikagua bomba kwa makini sana. Maji safi yatatoka wapi siku hiyo, sikuuliza.

Mama alilitazama mezani kama mgeni aliyekuja bila kualikwa. Kwetu, kwenye miteremko ya mlima, maji hushuka kwa mfereji kupita mashamba ya kahawa, na ya kunywa huchemshwa.

"Bebeni sufuria," akasema. "Sufuria haizibi."

"Mama, sufuria ni nzito. Halafu kuna jiko, kuna mafuta."

"Nzito? Nilichuma kahawa na wewe mgongoni."

Hatukuibeba. Nilishinda ule ubishi kwa hoja nzuri, na ndiyo maana tulishuka kutoka Siakago na mkate, karanga, ndizi na chujio, bila chombo cha kuchemshia hata kikombe kimoja.

Mwanzoni chujio lilitii. Tulikuta kijito chenye maji kidogo, nikakamua, maji yakachuruzika mazuri hata nikapiga picha. Mbele zaidi mito ilikuwa mchanga mtupu. Watu walikuwa wamechimba mashimo humo, kila shimo limezungushiwa matawi ya miiba, na chini kabisa kulikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Binamu yangu aliondoa tawi, akanywa kwa viganja.

"Ngoja nichuje!"

"Profesa, utachuja mpaka Yesu arudi."

Mimi nilichuja. Sikuyaacha maji yatulie kwanza, kwa kuwa jua lilikuwa linashuka na niliogopa giza, kwa hiyo tope lote liliingia kwenye lile chujio. Kila chupa ilichukua muda mrefu kuliko iliyotangulia. Nilikamua hadi vidole vikafa ganzi.

Ugonjwa ulimpata tulipokuwa mbali na kila kitu. Alianza kukimbilia vichakani asubuhi akitania. Jua lilipopanda, utani ulikwisha. Alilala chini ya mgunga, macho yamezama, midomo imepauka, na nilipomfinya ngozi ya mkono ilibaki imesimama. Simu haikuwa na mtandao. Nilikuwa na pakiti ya ORS, chumvi ya kunywa ya mtu anayeharisha, inayohitaji lita nzima ya maji salama. Nilikuwa na nusu chupa, chupa ya lita moja. Na chujio lilitoa tone, likapumzika, likatoa tone.

Nikashuka mtoni na mfuko. Shimo la karibu lilikuwa na maji mengi kidogo, nikavuta miiba, nikaanza kuchota.

"Wewe! Hiyo mfuko unaenda nayo wapi?"

Mwanamke alikuwa amesimama ukingoni, mtungi wa plastiki mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso.

"Samahani mama. Nina mgonjwa."

"Kunywa sijakataza. Hata mbwa wa mtu anakunywa. Lakini kisima cha mtu unakunywa hapo hapo, unaenda. Hubebi. Ukitaka kubeba, unachimba yako."

"Sikujua. Mimi ni wa Meru."

"Ah, Meru." Aliteremsha mtungi. "Huko mna mito mpaka hamjui kuomba."

Nilimwonyesha chujio, nikamweleza kwamba haliwezi kufanya kazi bila kujaza mfuko kwanza. Nikiwa katikati ya maelezo nikaona akilini ule mrija niliokataa Gakoromone, nikaona aibu, kisha nikaona sina muda wa aibu.

"Kwako ni mbali, mama? Tungeweza kuchemsha."

Alinyoosha kidevu kuelekea kilima, na nyuma yake kingine. "Atafika?"

Sote wawili tuliutazama mgunga alipolala.

"Basi mlete," akasema. "Hapa hapa atakunywa hata kwa hiyo mfuko yako. Maji itakuwa haijatoka kwa kisima changu."

Tulimbeba kwa mabega, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, tukamlaza kwenye kivuli cha ukingo. Yule mama akaanza kuchota maji yaliyolala shimoni na kuyamwaga pembeni, ili mapya yapenye kutoka mchangani. Mimi nikashika nusu chupa.

Njia ya kuzibua ilikuwa moja: kusukuma maji safi kutoka nyuma. Na maji safi niliyokuwa nayo ni hayo tu.

"Profesa," binamu yangu akasema, sauti kama karatasi. "Nipe hayo."

Ningempa, yangekwisha mara moja, na baada ya hapo kungebaki tope lile lile lililomwangusha. Ningeyasukuma kwenye chujio, huenda lingefunguka. Huenda lisingefunguka, na mtu angekufa akiniangalia nikimwaga maji yake ya mwisho mchangani. Na huenda lingefunguka kwa kupasuka ndani, maji yakaja mengi na maangavu na mdudu yumo. Nilifikiria mama yake, ambaye ni mdogo wake mama yangu, na maneno ambayo ningemwambia. Nilijaribu kuyapanga. Hayakupangika. Nilifikiria kugawa, robo kwake na robo kwa chujio, nikajua kwamba robo isingetosha popote. Nilifungua kifuniko, nikakifunga, nikakifungua tena.

"Fanya moja," yule mama akasema bila kugeuka. "Yeye hana siku ya kukungoja."

Nikamwambia binamu yangu, "Nisamehe kidogo," nikavuta maji kwenye bomba, nikalipachika kwenye mdomo wa chujio, nikasukuma. Halikusogea. Nikaliegemeza kifuani na kusukuma kwa uzito wote. Kitu kikaachia, na upande wa pili ukatoka uji wa kahawia. Nikavuta tena, nikasukuma, tena na tena, mpaka chupa ikawa tupu na kilichotoka kikawa cheupe.

Yule mama akaweka pembe ya leso yake juu ya mdomo wa mfuko, akamimina maji mapya taratibu. Nikafunga chujio. Nilitaka kuangalia kama pete ya mpira, inayozuia maji machafu kuvuja, imekaa sawa. Sikuangalia. Nikakamua, na mkondo mwembamba ukaanza kuimba ndani ya chupa. Chupa ilipojaa nilitikisa ORS ndani, nikapiga magoti mchangani kando ya kisima cha watu, nikamwinua binamu yangu kichwa, nikamnywesha.