Binti Aliyeitikia Shikamoo Yangu

Haya ninayoyaandika yalinitokea mimi mwenyewe, si jirani wala binamu wa rafiki yangu. Sikuwa mgonjwa, sikuwa nimelewa (pombe siijui ladha yake, naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wetu tangu niko msichana), na wala haukuwa usiku. Najua mkisikia habari za namna hii mnategemea usiku wa manane na bundi juu ya paa. Mimi huyo binti nilikutana naye saa moja asubuhi, nikiwa na mikate kichwani. Ukitaka kuamini amini, hutaki basi, lakini chungu kipo jikoni kwangu na kila mtu wa huku ameshakigusa.

Nianze na mikate, maana bila mikate hamtaelewa kwa nini nililia mbele ya msichana mdogo.

Kazi yangu ni kuoka. Naishi kitongoji cha juu, ukiiacha Myamba unapanda kama nusu saa kwa miguu, kwenye nyumba ya marehemu mama yangu. Mume wangu alifariki zamani na watoto Mungu hakunijalia, hivyo nilirudi kwa mama tukawa tunaoka pamoja. Oveni hatukuwa nayo. Tulikuwa tunatumia sufuria kubwa, mkaa chini na mkaa juu ya kifuniko, na mikate tunaipanga ndani juu ya majani ya migomba. Siku ya gulio nashuka nayo Myamba, na nisijisifu bure, ila ilikuwa inaisha kabla wauza maharage hawajamaliza kupanga mafungu yao.

Siri ilikuwa chungu. Mama alikuwa na chungu cheusi cha urithi ambacho kazi yake ilikuwa moja tu, kuumulia unga. Baridi ya kwetu mwezi wa saba si mchezo, unga ukiuacha kwenye beseni la plastiki unalala kama mgonjwa. Kwenye chungu kile ulikuwa unaumuka mpaka unasukuma kitambaa. Na mama alikuwa na sharti moja ambalo alinikanya nalo tangu utotoni: chungu cha unga hakiwekwi motoni, hata iweje.

Mama akafariki. Siku ya msiba watu walikuwa wengi, vyombo vikapungua, na makande ya waombolezaji yalikuwa hayana pa kuchemkia. Nikachukua kile chungu. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nikakibandika motoni. Kilipasuka pande mbili, na mlio wake bado naukumbuka. Nikavikusanya vigae harakaharaka, nikavifukia nyuma ya migomba, na kila aliyeniuliza nilimwambia sijui chungu kimekwenda wapi. Hakuna aliyeniona. Hilo mlishike vizuri.

Tangu siku ile unga wangu haukuumuka tena. Niamini, nilijaribu kila kitu. Nilibadili hamira, nikabadili duka la kununulia hamira, nikaweka beseni karibu na jiko, nikalifunika blanketi, siku moja nikalala nalo kitandani kama mtoto mchanga. Wapi! Mikate ilitoka bapa na migumu. Gulioni wakaanza kuniita Mama Tofali. Walikuwa wananitania, najua, na mimi mwenyewe nina mdomo, nimewatania wengi. Lakini ule utani uliniuma, kwa sababu walikuwa wanasema kweli.

Mdogo wangu Eliamani, anayeishi mjini Same, akaamua kunisaidia. Akapiga simu. "Dada, hiyo kazi imeshakushinda. Jumapili baada ya ibada nakuja na gari nikuchukue. Utakaa kwangu, upumzike."

Kupumzika! Nina miaka hamsini na minne, nani kaomba kupumzika? Mke wa Eliamani ni mtu mwema sana, simsemi vibaya, lakini jiko ni lake. Mwanamke mwenye jiko lake, hata liwe la mafiga matatu, anaelewa ninachosema. Ningekwenda kukaa chumba cha wageni, niombe ruhusa kabla ya kuchemsha chai. Nilitaka kukataa, nikashindwa, kwa sababu mikate yangu ilikuwa kweli matofali. Nikamwambia sawa, njoo.

Basi nikaoka kwa mara ya mwisho kwa ajili ya gulio la wiki ile. Nikapanga mikate kwenye ungo, nikafunika kitambaa, nikashuka. Ukungu ulikuwa mzito, naona miguu yangu na hatua tatu nne mbele, basi. Chini kidogo ya ndiva, lile bwawa la zamani la kumwagilia mashamba, kuna kona yenye jiwe kubwa, na upande wa bondeni pana majani marefu ambapo hakuna mtu anayelima. Sikuwahi kujiuliza kwa nini hawalimi.

Juu ya jiwe lile alikuwa ameketi binti. Miaka kumi na minane hivi, si zaidi. Amejifunga kaniki, kitambaa cheusi ambacho siku hizi nakiona kwa vikongwe tu, na mikono yake ilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye viwiko, udongo mbichi unaong'aa. Pembeni yake palikuwa na chungu kimefunikwa kwa jani la mgomba. Nikajua ni mfinyanzi anakwenda gulioni kama mimi.

Hakuniamkia. Nikasimama, nikamsubiri. Nikakohoa kidogo. Wapi. Aliniangalia tu machoni, ametulia, kama mtu anayesubiri kitu chake.

Hasira zikanipanda. Nimeamka saa tisa kukanda unga usiotaka kuumuka, naitwa Mama Tofali, nakwenda kufugwa kwenye chumba cha wageni, na sasa hata mtoto wa watu ananitazama kama gogo? Nikafanya kile tunachofanya wote kwa mtoto asiye na adabu. Nikatua ungo, nikajishika kiuno, nikainama kwa kejeli.

"Haya basi, shikamoo!"

Unajua inavyokuwa. Mtoto akiamkiwa na mkubwa anatamani ardhi impasukie, anaziba mdomo, "Samahani mama, shikamoo," huku anarudi nyuma. Nilikuwa nimejiandaa kabisa kuendelea na hotuba yangu. Yule binti hakuziba mdomo. Aliitikia taratibu, bila kucheka.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nyumbani hawajambo?"

Mjukuu! Mimi! Nilitaka kucheka, kicheko hakikutoka. Sauti yake haikuwa na jeuri wala utani. Na alikuwa anasema Kipare cha zamani, kile alichokuwa anasema bibi yangu, chenye maneno ambayo vijana wa leo hawayajui.

"Nipe mkate," akasema.

"Si mizuri," nikamjibu. "Haikuumuka."

Akanyoosha mkono hivyohivyo. Nikampa. Akamega, akatafuna kwa muda mrefu, akatazama ukungu.

"Unga umelala baridi," akasema. "Na wewe uliweka chungu motoni."

"Nani kakwambia?"

"Nenda kaangalie nyuma ya migomba. Mvua imefukua kigae kimoja."

Hapo nikalia. Sioni aibu kusema, nililia kwa sauti, njiani, mtu mzima. Nikamwambia yote, kwamba mama alikuwa bado yuko ndani ya sanduku, hajazikwa, nami nikavunja sharti lake, kwamba niliwadanganya watu, kwamba sijui kazi nyingine duniani na mikono yangu imenikataa. "Sitaki kwenda Same, bibi," nikasema. Ndiyo, nilimwita bibi, na halikuniponyoka. Lilikuwa ndilo neno lake.

"Na nani amesema lazima uende?" akaniuliza.

Akafunua lile jani, akanikabidhi chungu. Kilikuwa na joto. Si la kuunguza, ni lile joto la chombo kilichotoka kwenye moto alfajiri ileile. Nikaangaza macho kutafuta kilipochomewa. Hapakuwa na moto, hapakuwa na jivu. Nikamuuliza kwa nini ananipa mimi.

"Watu wanapita hapa miaka yote," akasema. "Wachache wanaoniona, wanaona mtoto, wananipita. Wadogo zangu wameamkiwa na wajukuu, wamezeeka, wamezikwa. Mimi hakuna aliyewahi kuniamkia hata siku moja. Wewe umeniamkia."

Jamani. Aibu niliyoisikia pale sijawahi kuisikia tena. Mimi nilikuwa nimemkejeli! Angekuwa mtu mwingine angenyamaza apokee zawadi yake aende zake, na kusema kweli wazo hilo lilinipitia. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo. Nikamwambia, "Bibi, nisamehe, ile shikamoo ilikuwa ya kukudharau. Nilidhani wewe ni mtoto." Nikapiga magoti kwenye matope, nikashusha kichwa, nikaisema upya kwa moyo wangu wote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akasema, na safari hii sauti ilikuwa na furaha kama ya msichana. Akaniwekea mkono kichwani. Ulikuwa wa baridi na unyevu, kama udongo ukiutoa chini shimoni. Nilipoinua kichwa, juu ya jiwe hapakuwa na mtu.

Sikukimbia. Ningekimbilia wapi na ungo wa mikate na chungu mkononi? Nikatembea mpaka gulioni, na nilipotua ungo wanawake wa kwanza kuniona wakaniuliza nimefanya nini kichwani. Nikavua kilemba. Palikuwa na alama ya kiganja, udongo mwekundu, vidole vyote vitano.

Sikuuza hata mkate mmoja siku ile. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bibi Nasieli, mfinyanzi mzee kuliko wote Myamba. Macho yake hayaoni tena, lakini vidole vinaona. Nikamwamkia, nikamwekea chungu mapajani bila kumweleza kitu. Akakipapasa mdomo, akakipapasa tumbo, akakigeuza. Kwenye kitako vidole vyake vikasimama. Palikuwa na alama tatu za kucha, zimepangwa kama mafiga.

"Umekitoa wapi?" akauliza. "Hii ni alama ya Nakijwa."

Akanieleza kwamba Nakijwa alikuwa dada mkubwa wa bibi yangu mzaa mama. Mimi sikuwahi kulisikia hilo jina nyumbani, maana lilikuwa linawaliza wazee. Alikuwa fundi kuliko wenzake wote. Akiwa bado msichana alikwenda kuchimba udongo wakati wa mvua, kule bondeni chini ya ndiva, na ukingo wa shimo ukamporomokea. Walichimba siku nyingi, hawakumpata. Shimo likaachwa, majani yakaota, na hakuna aliyelima pale tena. Chungu cha mwisho alichokuwa amekichoma kabla ya siku ile walikipa kazi moja tu, ya kuumulia unga, na ni hicho nilichokivunja mimi.

Kisha Bibi Nasieli akakinusa. Akanirudishia polepole. "Mwanangu," akasema, "hiki kimechomwa leo."

Nilipofika nyumbani nilipitia nyuma ya migomba kwanza. Kigae kimoja kilikuwa kinachungulia kwenye matope.

Jumamosi nilikanda unga, nikauweka ndani ya kile chungu, nikafunika kitambaa, nikaketi mbele yake kama mtu anayemlinda mgonjwa. Kabla ya saa mbili kupita kitambaa kilianza kuinuka. Niliimba peke yangu jikoni mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka. Utaniambia ni joto la chungu tu, udongo unatunza joto, na hamira inapenda joto. Sawa, sikubishii. Lakini joto la kukaa tangu siku ya gulio mpaka Jumamosi kwenye chungu kisicho na moto, hilo utanieleza vipi?

Eliamani alifika Jumapili na gari, bado yuko kwenye suti ya ibada. Nikampa chai na mkate. Akala wa kwanza akiwa amesimama, akiniambia nifungashe nguo. Akavuta kigoda, akaketi, akala wa pili. Wa tatu aliushika tu mkononi, akawa anauangalia. "Dada," akasema, "hii si ndiyo ya mama kabisa?" Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamweleza habari ya chungu kilichovunjika, na baadaye nikawaeleza na majirani, kwamba ni mimi. Wakanicheka sana, wakanisamehe. Eliamani alirudi Same jioni ile na mikate kumi kwenye kiti cha nyuma, mimi nikabaki kwangu.

Sasa ni mwaka wa tatu. Mikate inaisha mapema kuliko zamani, na wasichana wawili wa kitongojini wanakuja kujifunza kukanda. Kila siku ya gulio nikifika kwenye jiwe naacha mkate mmoja na kuamkia kwa sauti. Mchungaji alisikia, akaja kuniuliza kama siku hizi natambika. Nikamwambia, mchungaji, mimi namsalimia mkubwa wangu tu. Akafikiri kidogo, akaomba mkate. Hata vijana wa bodaboda, ambao hawamsalimii mtu, wakifika ile kona wanapunguza mwendo na kupaza sauti: "Shikamoo, bibi!" Wengine wanasema wamejibiwa. Sijui, mimi nasema ya kwangu tu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukipanda milima yetu wakati wa ukungu na ukamkuta binti juu ya jiwe ana udongo mikononi, usisimame kusubiri akusalimie. Mwamkie wewe, na umaanishe unachosema. Usijaribu kumtania. Mimi alinisamehe kwa sababu ni damu yake. Wewe sijui.