Kazi ya Kuzisemea Filamu Bubu

Siku ya kwanza kazini nilivaa tai ya baba, iliyonifika karibu na magoti, nikasimama kando ya shuka jeupe la kuonyeshea filamu, lililotundikwa ukutani katika chumba cha chini cha kanisa letu, Louisville. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sasa nina kumi na sita na nimestaafu, kwa hiyo wadogo zangu naomba heshima.

Cheo changu kilikuwa msimuliaji. Wazee wetu wa Kivu hawakujua Kiingereza, na katika kambi ya wakimbizi walizoea filamu yenye mtu wa kuisemea. Mkuu wangu wa kwanza, Papa Projekta, ambaye wiki nzima alipakia masanduku ghalani, alichagua filamu bubu, zile za zamani kabla sauti haijaingia.

"Hapa Amerika zilianza hivi hivi," aliniambia. "Vyumba vidogo vya madukani, vimejaa wahamiaji. Picha haimuulizi mtu lugha. Bon, kisha zikakua: majumba makubwa, wapiga vinanda, kampuni zikahamia California kufuata jua. Weye soma bango, usiongeze chumvi."

Bango ni yale maandishi yanayokatiza picha ili ujue mtu kasema nini. Sasa mabango ni machache na midomo inacheza muda wote, chumvi ingekosaje? Tajiri mmoja mwenye sharubu nilimpa sauti ya katibu wa kanisa akisoma matangazo. Bibi yangu mzaa baba alicheka hadi kilemba kikamdondoka.

Hapo ndipo mchezo ukawa kazi. Tangu tufike, Bibi hakuwa akitoka nyumbani, kwa kuogopa kusemeshwa Kiingereza. Hata jirani mpole akimsalimu, aliinamisha kichwa. Lakini Jumamosi ya filamu alikuwa wa kwanza kuingia garini.

"Mama amepata pa kwenda," baba alinionya. "Ole wako uugue Jumamosi."

Tulipohamia Columbus na kupanga nyumba mtaa wa Whitehall, mkuu wangu mpya alikuwa Mama Kwaya, msimamizi wa ukumbi wa kanisa la huko, aliyempangia mpiga kinanda nyimbo za kufuata picha. Siku moja mtoto wa mwanamke maskini akafa kwenye filamu. Mpiga kinanda, bila kufikiri, akaingiza wimbo wetu wa matanga. Ukumbi mzima ukasimama, ukaimba. Kwetu msiba haukaliwi kimya, hata ukiwa wa mzungu wa zamani. Shida ni kwamba filamu hizo hukimbia, watu wanatembea kama wamekanyaga siafu. Sisi tuko ubeti wa pili, mtoto kumbe alizimia tu, tayari anakula keki.

"Simamisha mashine!" Mama Kwaya akaniamuru. "Watu hawajamaliza kulia."

"Mama, mtoto mzima."

"Nani amekuuliza?"

Bibi ndiye aliyeimba kwa sauti kuliko wote.

Tulipohamia tena, Buffalo, nilimkuta Mkuu wa Vijana wa kanisa, msomi wa chuo kikuu kule Amherst, mtu wa nia njema kabisa. Alileta spika mbili zenye ukubwa wa friji.

"Donc, tunaingia enzi ya sauti. Wazee wajifunze Kiingereza wakiburudika."

"Kaka, sauti ilipoingia zamani, wapiga vinanda walirudishwa nyumbani."

"Unaogopa kufukuzwa kazi? Wewe ambaye hujawahi kulipwa?"

Vijana wote waliokuwepo walicheka, na mimi pia. Ningebisha zaidi, lakini nilipenda kuchekwa.

Jumamosi hiyo waigizaji walisema Kiingereza bila kupumua. Kila nilipochomeka sentensi, spika ziliimeza. Bibi alikaa ameinamisha kichwa. Jumamosi iliyofuata alisema mguu unamuuma. Mguu huo haujapona hadi leo.

Kustaafu kuna raha zake; Jumamosi nalala hadi jua liniudhi. Ila juzi nilikaa na Bibi kitandani kwake, nikafungua filamu bubu kwenye simu, nikawasemea wote, hadi farasi. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mahubiri ya mgeni.

"Bwana yangu," akasema, maana mabibi wa kwetu hututania hivyo wajukuu, "unasema vizuri."

"Mbona hucheki basi?"

"Kule tulikuwa wengi, na wazungu wenyewe pale ukutani hawakuwa na Kiingereza. Tulikuwa sawa nao." Akanirudishia simu. "Hapa niko miye peke yangu."