Kifungu Nilichokifuta

Kaka yangu alipopiga simu kutoka Morogoro kusema mama hawezi tena kuinuka kitandani, nilijua nitakwenda kumuuguza. Kazini walinikubalia likizo. Ikabaki nyumba. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili Akalla, kwa mkataba wenye jina langu, nilioupata baada ya kukaa miaka mingi kwenye foleni ya kusubiri nyumba za kupanga za Stockholm. Kuiacha tupu mwaka mzima sikuweza, na kuipoteza sikutaka hata kufikiria.

Kanisani kwetu, tunakosali Waswahili wa kila nchi, kulikuwa na dada mmoja Mrundi, mfanya usafi hospitalini. Alikuwa akiishi na baba yake mzee katika chumba cha kupanga huko Alby. Mwenye chumba hakuwahi kuwaandikia kitu, na sasa alikuwa amewaambia wahame ifikapo mwisho wa mwezi. Hawakuwa na karatasi ya kumwonyesha mtu yeyote. Nilipomwambia nyumba yangu itakuwa wazi, alisema, "Dada, tuandike. Hata ukinipa mwezi mmoja, tuandike."

Nikaanza kuandika. Sheria ya hapa inataka kwanza mwenye jengo akubali, kabla mpangaji hajampangisha mtu mwingine. Nilijaza fomu, nikaambatanisha barua ya daktari wa mama iliyotafsiriwa kwa Kiswidi, na pale palipouliza sababu nikaandika kwamba namuuguza mzazi. Sentensi hiyo moja ilinichukua asubuhi nzima. Idhini ikaja, ya mwaka mmoja, kuanzia Septemba.

Mkataba wenyewe haukuwa mgumu: majina yetu, anwani, siku ya kuanza na siku ya kuisha, vitu ninavyoviacha ndani, na kodi isiyozidi ninayolipa mimi ila nyongeza ndogo kwa ajili ya samani. Mwishoni nikaongeza kifungu alichonishauri mwenzangu wa kazini: nikirudi mapema, mpangaji atahama ndani ya wiki mbili.

Alikuja kuusoma jikoni kwangu. Kiswidi chake cha kazini kilikuwa kizuri, lakini cha mikataba kilimsumbua, akawa anafuata mistari kwa kidole. Kwenye kifungu kile kidole kikasimama. Akaniomba nimsomee kwa Kiswahili. Nikasoma, na kwa Kiswahili kikasikika kibaya kuliko nilivyokiandika.

"Hii ni kama kule Alby," akasema taratibu. "Tofauti ni kwamba hapa nitakuwa nimetia sahihi."

Niliona aibu, na kusema kweli nilikasirika pia, maana nyumba ilikuwa yangu. Kesho yake nikampigia mshauri wa masuala ya upangaji. Alinieleza kwa upole kwamba kifungu kinachompa mpangaji haki pungufu kuliko sheria hakina nguvu. Kingemtisha tu. Nikakifuta. Tukatia sahihi nakala mbili, kila mmoja akachukua yake, na wiki ile ile nikasafiri.

Mama alifariki Oktoba. Baada ya matanga likizo yangu haikuwa na maana tena, na Novemba nikarudi Stockholm nikiwa sina pa kukaa. Rafiki mmoja akanipa chumba Jakobsberg.

Siku moja nilikwenda Akalla kuchukua koti la baridi. Mlango ulifunguliwa na yule baba mzee, ameegemea kigari chake cha kutembelea chenye kiti. Alivua kofia, akanipa pole, akamwombea mama kwa maneno marefu, akiwa amesimama muda wote. Kupitia mlango wa chumba changu niliona kitanda chake mahali kilipokuwa changu.

Binti yake akatoka jikoni akifuta mikono.

"Dada, nyumba ni yako. Ukisema tutoke, tutatoka."

Nilijua anamaanisha, na kwamba wangeondoka bila kunilaumu. Nami nilitaka kusema tokeni. Nilitaka kitanda changu na mlango wa kufunga. Yule mzee akakaa kwenye kigari chake kupumzika, akitazama chini, akisubiri.

"Mkataba unaisha Agosti," nikasema. "Kaeni." Ilitoka kwa ukali zaidi kuliko nilivyokusudia. Nikachukua koti, nikaondoka bila kunywa chai.

Sikuwa mtu mwema miezi ile. Asubuhi kwenye treni kutoka Jakobsberg nilikuwa nikiwachukia, hasa siku za barafu, kisha Jumapili nakaa nao benchi moja kanisani.

Kabla ya mwaka wa mkataba kwisha, yule dada alipata nyumba kwa jina lake mwenyewe, kusini mwa jiji. Siku ya kuhama aliukabidhi ufunguo mkononi mwangu, akanikumbatia. Nilibeba mfuko wa baba yake hadi kituoni. Mzee alichoka njiani, kwa hiyo tukakaa jukwaani tukaacha treni mbili zipite, na katika kungoja ile ya tatu akaniuliza mama yangu alikuwa mtu wa namna gani. Nikamweleza.