Mwandishi Aliyekuja kwa Miguu

Mwanangu, mpaka leo nakumbuka viatu nilivyovaa siku nilipokutana na mwandishi niliyempenda kuliko wote. Vilikuwa vyeusi, vya mtumba, na asubuhi ile nilivipaka rangi mpaka nikachelewa kazini. Navitaja kwanza kwa sababu naamini kama ningekuwa pekupeku siku ile, ningekuwa na adabu zaidi.

Ilikuwa ile miaka watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba. Zamani tulijua chama cha msingi cha ushirika peke yake, halafu ghafla kila njia panda ikawa na mizani yake. Mimi nilipata ukarani wa mizani kwa mnunuzi mmoja nje kidogo ya Bariadi, kwenye barabara ya kwenda Lagangabilili. Kijana niliyeishia darasa la saba, nina kalamu mbili mfukoni, na wazee wa umri wa baba yangu wanapanga foleni mbele yangu wakiniita bosi. Nami nilikuwa naitika, ndiyo aibu yenyewe.

Kabla ya mizani nilikuwa msomaji. Darasani kwetu kulikuwa na rafu ya vitabu vya elimu ya watu wazima, na kimoja nilikiazima nikakaa nacho hadi mwalimu akakata tamaa. Sitalitaja jina la aliyekiandika, maana huenda wanawe wangali hai, nami sina haki ya kujipendekeza kwao sasa. Jaladani palikuwa na picha ya msichana aliyejitwisha kibuyu. Msichana huyo ni Kabula. Anagombana na mama yake, anaondoka kwao, anapata taabu nyingi, na mwisho anasimama njia panda, njia moja inarudi kwa mama yake na nyingine inakwenda mbele. Kitabu kinaishia hapo.

Mama yangu hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Kwa hiyo mchana, yeye akichambua pamba, safi huku na fifi, ile chafu, huku, mimi nilikaa kwenye gunia nikimsomea kwa Kisukuma. Tulikisoma mara tatu. Kila tulipofika njia panda mikono yake ilisimama.

"Alishika njia ipi?"

"Haikuandikwa, mama."

"Aliyeandika anajua. Siku ukimwona, mwulize."

Nilijua kwa nini anauliza. Dada yangu Milembe alikuwa ameolewa na mtu ambaye mama hakumtaka. Walitupiana maneno mabaya, na asubuhi moja Milembe akamfuata mumewe na ng'ombe wao hadi Rukwa. Mwaka wa nne ulikuwa unakwisha bila hata salamu. Mama hakulitaja jina la Milembe nyumbani, alitaja la Kabula.

Basi siku hiyo ya viatu, jua likiwa kali na foleni ndefu, akatokea mzee mwembamba anatembea kwa miguu, amevaa katambuga za tairi na amebeba begi zito begani. Vumbi lilimfika magotini. Alitusalimu, akaomba ruhusa, akapanga vitabu vyake juu ya robota la pamba. Wachapaji wa serikali walikuwa wameacha kuchapa, akasema, kwa hiyo vilivyobaki anavitembeza mwenyewe, mji kwa mji. Niliona kile kibuyu jaladani. Mwanangu, moyo uliniruka.

Mwenzangu Masanja, aliyekuwa anashona magunia, akacheka. "Wewe ndiye uliyeandika hiki? Na hizo katambuga?"

"Mimi ndiye," akasema yule mzee, bila kukasirika.

Masanja akanigeukia mimi. Watu wote wa foleni wakanigeukia, kwa kuwa walijua mimi ndiye mtu wa vitabu. "Bosi, wewe msomaji. Unamjua huyu?"

Nilikuwa nimemngoja mtu yule tangu utoto. Akilini mwangu alikuwa na miwani na suti, anashuka kwenye gari, ananipa mkono mbele za watu, na watu wanajua kuwa mimi ni mtu wa watu wakubwa. Huyu aliyekuja angenishusha badala ya kunipandisha. Hivyo ndivyo nilivyopima siku ile, mimi karani wa mizani.

Nikasema, "Simjui. Waandishi wanakaa Dar es Salaam."

Watu wakacheka. Yule mzee alinitazama kidogo, si kwa ubaya, akaanza kurudisha vitabu begini kimoja kimoja. Alipomaliza akaniuliza kama naweza kumpatia maji ya kunywa. Nikamwonyesha bomba kwa kalamu. Hebu fikiria, mtoto wa Kisukuma anaombwa maji na mgeni, na hanyanyuki. Akasema, "Asante, kijana," akaishika barabara bila kwenda bombani.

Sikufanya kazi ya maana baada ya hapo. Jioni nikarudi nyumbani, mwendo wa nusu saa kufuata barabara ileile, nikiwa nimeamua kumwambia mama ukweli. Nilimkuta anaosha sufuria. Kulikuwa na kuku chunguni, jambo la ajabu kwa siku ya kazi, na nilipopakua sikuona firigisi. Kwetu firigisi ni ya mgeni au ya baba wa nyumba, na baba alikuwa amekwisha kufariki. Ningeuliza ningeambiwa. Lakini nilikuwa na yangu kichwani.

"Mama," nikasema, "leo nimemwona mwandishi wa Kabula."

Akaacha sufuria. "Umemwona?"

Na hapo, mwanangu, ukweli ulinishinda. Nilianza na gari. Nikasema alikuja na gari, akashuka, akanipa mkono, tukazungumza sana.

"Ulimwuliza?"

"Nilimwuliza. Alisema Kabula alirudi kwa mama yake."

Mama alinitazama kwa muda mrefu. Nilidhani ni furaha. "Wabeja, baba," akasema, ndivyo alivyonishukuru siku zote, na akaendelea kuosha sufuria yake.

Wiki mbili baadaye aliuza mbuzi wake wawili, akafunga michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa, akaniambia nimtafutie basi la kwenda Rukwa. Mimi mpumbavu nikajisifu moyoni kwamba uongo wangu umemtia nguvu. Sikujiuliza jambo dogo tu: kama Kabula alirudi mwenyewe, kwa nini mama hakukaa kumngoja Milembe arudi? Yeye aliondoka. Alirudi baada ya mwezi, amekonda, anacheka, na Milembe yuko nyuma yake na mtoto mgongoni, amekuja kusalimia.

Baada ya hapo, kila msimu wa pamba mama alikuwa akiniuliza, tena katikati ya maneno mengine kabisa, "Hivi lile gari la mwandishi lilikuwa la rangi gani?" Mwaka mmoja nilijibu jeupe. Mwaka mwingine nilijibu la buluu. Alitikisa kichwa, akaendelea kuchambua. Nilidhani anazeeka.

Alipofariki, tulipomaliza matanga, mimi na Milembe tulifungua sanduku lake la nguo. Chini ya vitenge tukakuta kile kitabu cha Kabula. Si kile changu kilichochakaa, kipya. Ndani kulikuwa na mwandiko wa wino: "Kwa mama wa msomaji wangu, aliyenipa maji." Chini yake sahihi.

Nilikwenda nacho kwa mke wa katekista, jirani yetu, mama mmoja mpole aliyejua Kiswahili vizuri, ambaye mama alimwita kila alipopata mgeni asiyejua Kisukuma. Aliposhika kile kitabu akakaa chini kwanza. Akasema siku ile mama alimwona mgeni anapita barabarani amechoka, akamwita anywe maji kama anavyoitwa mgeni yeyote. Begi lilipofunguka akaiona picha ya kibuyu. Mama akamchinjia kuku, kisha akatuma mtu amwite yeye, mke wa katekista, aje kutafsiri.

"Mama yako alimweleza kwamba ana mwana aliyekisoma mara tatu," akaniambia. "Yule mzee alifurahi sana. Alisema alipita mizani akakuta vijana wana kazi nyingi. Hakusema zaidi ya hilo."

"Na swali? Alimwuliza?"

"Alimwuliza. Na yule mzee alimjibu, mama yako akalia."

"Alimjibu nini?"

Akanirudishia kitabu. "Kesho yake mama yako alinitaka nimpe ahadi, nami nikaishika. Alisema, 'Usimwambie. Siku atakapokuja kuniambia kwamba hakukuwa na gari, nitamwambia mwenyewe Kabula alishika njia ipi.'"

Nilihesabu ile misimu, mwanangu. Ilikuwa kumi na mmoja. Mara kumi na moja mama alinifungulia mlango kwa kuniuliza rangi ya gari, na mara kumi na moja nikapaka rangi gari ambalo halikuwepo. Mke wa katekista naye amekwisha kuzikwa, na jibu lilikwenda naye. Mimi niliyejiita msomaji ndiye peke yangu katika hadithi hii nisiyejua inaishaje.

Nakwambia basi ninachokijua. Ukimpenda mtu kwa kazi yake akiwa mbali, mpende hivyohivyo akitokea mbele yako na vumbi miguuni, tena watu wakiwa wanakutazama. Nyanyuka umpe maji. Na kama umekwisha kumkana, kama mimi, usikae na uongo ukingoja siku nzuri ya kuutoa. Nenda jioni hiyohiyo, wakati anayekungoja bado yuko jikoni anaosha sufuria.

Mungu akupe mgeni wa kukufaa, na akupe macho ya kumjua akija kwa miguu. Na mama yako akikuuliza swali mara ya pili, Mungu akujalie ulisikie.