Kura ya Sufuria

Mwalimu wa Kiswahili aliushika mchezo wangu wa kuigiza kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa. "Watu wako wanaongea kama wamemeza kamusi," akasema. "Niletee watu wenye damu kufikia Ijumaa, mtaigiza siku ya wazazi. La sivyo, kiranja atatukariria shairi lake la usafi."

Shairi lile lilikuwa na beti nyingi kuliko dhambi zangu. Ilibidi niokoe shule.

Alhamisi mama akanituma kwa mashine ya unga, mtaani Huruma. Pale injini hunguruma mpaka watu wanaambiana siri kwa kelele, kila mtu akidhani mashine inamfunika. Nikakalia debe langu la mahindi, masikio wima kama ya punda.

Laini zilikuwa mbili: ya madebe, ndefu, na ya magunia, fupi. Msagaji akawa anasagia ile fupi tu. Mbele yangu alisimama mama mwenye duka kule Munyaka, Mkikuyu ambaye ulimi wake haujawahi kupatana na herufi L. Akamfokea jirani sikioni:

"Hii ni kama kura ya juzi! Raini fupi ndio inashinda!"

Injini ikazimika papo hapo. Sentensi ikabaki uchi.

Sasa, juzi tulikuwa tumepiga kura kwa kupanga laini nyuma ya wagombea, na watu walinong'ona kwamba mahali fulani laini fupi ndiyo ilitangazwa mshindi. Walinong'ona, ndugu yangu. Hakuna aliyepiga kelele. Na pale mlangoni alikuwa mzee mwenye beji ya chama kifuani. Chama ni kimoja, usiulize kipi.

"Mama," akasema, "kura gani hiyo?"

"Kura, Mzee! Kukura! Ya harusi! Raini fupi ndio irimariza nyama!"

"Kura ya debe, ya uchaguzi, ama ya sufuria?"

"Ya sufuria, Mzee wangu!"

"Ni kweli," akadakia msagaji akifunga mkanda wa mashine. "Mimi nilibaki na supu."

Watu wakavunjika mbavu. Mzee akatazama beji yake, akamtazama mama, akakosa pa kushika.

Nilikimbia nyumbani na mahindi mazima. Mama yangu alisema mengi. Hayo pia nikayaandika.

Siku ya wazazi niliigiza mimi yule mama mwenye duka, kitambaa cha mama kichwani. Nilipofika "Ya sufuria, Mzee wangu!" mgeni wa heshima, naye ana beji, alicheka mpaka kofia ikaanguka. Alicheka sufuria ama debe? Hakuna aliyethubutu kumwuliza. Kiranja alikunja shairi lake, akalitia mfukoni.

Kisha kule nyuma mama mmoja akapanda juu ya benchi.

"Mwarimu! Huyo ni mimi! Huyo kijana ameniiba!"

Ukumbi mzima ukageuka nyuma. Nikajua nimekwisha.

"Na ameniiba vizuri!" akasema, akaanza kupiga vigelegele.